Kutambulishwa si Kutambuliwa

*Orlando Pride walitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 2024 wakiongozwa na binti wa Lusaka na mama wa soka la Brazil. Mwandishi wetu anawaleta wachezaji wa kikosi kile, na maswali waliyokuja nayo.*

Jumapili ya Novemba 24, 2024, saa 10 alfajiri, mtaa wetu ulikuwa bado umelala. Mwanga pekee sebuleni ulitoka kwenye simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. Marekani ilikuwa bado Jumamosi usiku, na mashabiki 11,500 walikuwa wameujaza uwanja wa CPKC mjini Kansas City kushuhudia fainali ya ligi kuu ya wanawake ya nchi hiyo, NWSL. Orlando Pride walikuwa wanacheza na Washington Spirit.

Dakika ya 37, kiungo Angelina alimtafuta Barbra Banda upande wa kulia. Banda hakuwa na haraka. Alimsubiri beki amfikie, akakata kuingia ndani, akaachia shuti la mguu wa kushoto. Moja bila. Muadhini wa msikiti wa jirani alikuwa ndiyo kwanza anaanza, nami nikajiziba mdomo kwa kiganja nisije nikaamsha watoto.

Spirit walisukuma mashambulizi hadi mwisho lakini bao lile halikurudi. Pride wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe, na Banda, mwenye miaka 24, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Wiki hii mhariri amenituma kuwatambulisha wachezaji wa kikosi kile. Anasema jina la Banda limeshaingia vijiweni, lakini wenzake hawajulikani, na hata yeye mwenyewe anajulikana kwa mabao na kwa maneno ya mitandaoni tu. Nimeipokea kazi hii kwa moyo mzito kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Miaka yangu ya mwanzo katika uandishi nilipelekwa kumhoji nahodha wa timu moja ya wanawake. Swali langu la tatu lilikuwa kama mchumba wake anaridhia acheze mpira. Alinijibu kwa adabu. Sikumuuliza alijifunzia wapi kupiga faulo ile iliyoipa timu yake ushindi jioni hiyo, na mpaka leo sijui.

Nimesoma makala nyingi za aina hiyo tangu wakati ule, za kwangu na za wenzangu. Mchezaji wa kike anatambulishwa kwa sura, kwa mume, kwa nywele, kwa mashaka ya watu juu ya mwili wake. Msomaji anafika mwisho wa ukurasa bila kujua kama huyo dada ni beki au winga. Hivyo nitaanza na kazi ya kila mmoja uwanjani.

Timu iliyozoea kukosa

Pride waliingia NWSL mwaka 2016 wakiwa na Alex Morgan, mshambuliaji aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote Marekani. Jina halikutosha. Kabla ya 2024 walikuwa wamefika hatua ya mtoano mara moja tu, mwaka 2017. Msimu wa 2023 waliukosa mtoano siku ya mwisho kwa tofauti ya mabao, wakiwa na pointi sawa na waliopita.

Benchi lilikuwa la Seb Hines, Mwingereza aliyekuwa beki wa Middlesbrough na baadaye Orlando City. Alikabidhiwa timu kwa muda katikati ya msimu wa 2022, kisha akapewa moja kwa moja. Usajili ulikuwa mikononi mwa meneja mkuu Haley Carter, kipa wa zamani aliyewahi kulitumikia jeshi la Marekani katika kikosi cha Marines. Carter aliwahi pia kuwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya Afghanistan, na Kabul ilipoanguka mwaka 2021 alikuwa miongoni mwa watu waliohangaika usiku na mchana kuwatoa wachezaji wale nchini humo.

Wawili hawa hawakukimbilia kununua majina. Walianza kujenga nyuma, na mbele wakaacha nafasi moja ya mtu wa kumalizia.

Msimu wa 2024 timu ilicheza mechi 23 za mwanzo za ligi bila kufungwa. Ilimaliza na ushindi 18, sare sita na vipigo viwili, pointi 60, ambazo hakuna klabu iliyokuwa imewahi kuzifikisha katika ligi hiyo. Hines akatajwa kocha bora wa mwaka, na akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa NWSL.

Kuanzia golini

Langoni alisimama Anna Moorhouse, Mwingereza aliyepitia West Ham na Bordeaux kabla ya kutua Orlando mwaka 2022. Msimu wa 2024 alimaliza mechi 13 za ligi bila kuruhusu bao, iliyokuwa rekodi ya NWSL kwa msimu mmoja wakati huo. Akiwa kwao hakuwa jina la kutajwa. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 30 ndipo timu ya taifa ilipoanza kumwita, na mwaka 2025 alikuwa kwenye kikosi cha England kilichotwaa ubingwa wa Ulaya. Makipa ndivyo walivyo mara nyingi: wanaiva wenzao wakiwa wameanza kuhesabu siku za kustaafu.

Mbele yake alikuwa beki wa kati Emily Sams, aliyetajwa beki bora wa ligi mwaka huo. Sams ni beki anayesoma mpira mapema, anafika pasi inapotua na hulazimiki kumwona akiteleza chini kila dakika. Pembeni yake alicheza Kylie Strom, aliyewahi kuvaa jezi ya Atlético Madrid. Pembeni kabisa walikuwa Kerry Abello na chipukizi Cori Dyke, ambaye huo ulikuwa msimu wake wa kwanza wa soka la kulipwa.

Hapa kuna jambo ambalo mwandishi wa soka la wanaume hakutani nalo. Ukitafuta rekodi za Sams za misimu ya awali, tafuta Emily Madril. Ukitaka za Haley McCutcheon, kiungo anayeweza pia kucheza beki wa kulia, tafuta Haley Hanson. Ni watu walewale, majina yamebadilika. Takwimu za kazi ya miaka zinakatika vipande viwili, na asiyejua atadhani ni wachezaji wanne.

Katikati alitawala Angelina. Alizaliwa Marekani na anaichezea Brazil. Ndiye anayeamua timu iharakishe au itulie. Agosti 2024 alirudi kutoka Olimpiki ya Paris na medali ya fedha, pamoja na beki Rafaelle, winga Adriana na nahodha Marta. Wabrazili wanne kutoka klabu moja walikuwa wamepoteza fainali mbele ya Marekani, kisha wakapanda ndege kurudi kufanya kazi Marekani hiyohiyo.

Alikuwapo Mbrazili wa tano aliyepaswa kuwa katikati ya uwanja. Luana Bertolucci alisajiliwa mwanzoni mwa 2024, na Aprili mwaka huo ikatangazwa kwamba ana saratani ya tezi za limfu, aina ya Hodgkin. Msimu mzima wa ubingwa alikuwa kwenye matibabu. Ukihesabu kikosi kile bila yeye umekosea hesabu.

> Wabrazili wanne walipoteza fainali ya Olimpiki mbele ya Marekani, kisha wakapanda ndege kurudi kufanya kazi Marekani hiyohiyo.

Adriana, winga mwenye miguu myepesi, aliondoka baada ya ubingwa kwenda Al Qadsiah ya Saudi Arabia. Ni ligi ileile anayoichezea Mtanzania Clara Luvanga wa Al Nassr, aliyetoka Yanga Princess. Ramani ya soka la wanawake imekuwa ndogo kiasi hicho: bingwa wa Marekani na binti aliyekulia kwenye ligi yetu wanakutana Uarabuni.

Mtoto wa Dois Riachos

Kitambaa cha unahodha kilikuwa mkononi mwa Marta Vieira da Silva, mwenye miaka 38. Kwa anayefuatilia, hahitaji kutambulishwa. Kwa asiyefuatilia, nianzie mbali.

Mwaka 1941 serikali ya Brazil iliwapiga marufuku wanawake kucheza mpira, kwa hoja kwamba haukulingana na maumbile yao. Marufuku ilidumu hadi 1979. Marta alizaliwa Februari 1986 katika mji mdogo wa Dois Riachos, jimbo la Alagoas, miaka saba tu baada ya mlango huo kufunguliwa, na fikra za watu hufunguka polepole kuliko sheria. Alicheza na wavulana kwa sababu timu ya wasichana haikuwapo. Akiwa na miaka 14 alipanda basi kwenda Rio de Janeiro, safari ya siku tatu, kufanya majaribio Vasco da Gama.

Baada ya hapo ni historia inayojulikana: mchezaji bora wa dunia wa FIFA mara sita, na mabao 17 ya Kombe la Dunia, ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeyafikia, awe mwanamke au mwanaume. Alifika Orlando mwaka 2017. Kwa misimu saba alikaa kwenye timu isiyotwaa ubingwa, wakati angeweza kuondoka.

Kinachonivutia kwake msimu ule wa nane si rekodi hizo. Novemba 17, 2024, nusu fainali dhidi ya Kansas City Current, dakika zikiwa zimeyoyoma, alipokea mpira mbele kidogo ya nusu ya uwanja akaanza kukimbia nao. Akampita beki wa kwanza, akampita wa pili, akamlaza kipa Almuth Schult, akausukuma wavuni. Pride walishinda 3-2. Nimeliangalia bao lile mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri mbele ya mhariri. Ukiliangalia utaona hakuwa na kasi tena. Alibadilisha mwendo mara tatu, na kila mara beki alikuwa amekwenda alikotaka yeye aende.

Wiki iliyofuata alinyanyua kombe.

Kutoka ulingoni

Na sasa Banda.

Alizaliwa Lusaka Machi 20, 2000. Machi 2014, Zambia ilipokwenda Costa Rica kwenye Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17, alikuwa kikosini, na alitimiza miaka 14 mashindano yakiwa yanaendelea. Aliwahi kuwa bondia, na ukimtazama akimgeuza beki utauona ulingo: bega linashuka kwanza, uzito unahamia mguu wa nyuma, kisha mwili wote unatoka kwa mpigo mmoja.

Mwaka 2018 alikwenda Logroño, Hispania. Mwaka 2020 akahamia Shanghai Shengli ya China. Wengi wetu tulimfahamu kwenye Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021. Zambia walichapwa 10-3 na Uholanzi, na mabao yote matatu ya Zambia yalikuwa yake. Siku tatu baadaye wakatoka sare ya 4-4 na China, akafunga tena matatu. Hakuna mwanamke aliyewahi kufunga matatu katika mechi mbili mfululizo za Olimpiki kabla yake. Katika Kombe la Dunia la 2023, penalti yake dhidi ya Costa Rica ilikuwa bao la 1,000 katika historia ya michuano hiyo ya wanawake.

Machi 2024 Orlando walilipa dola 740,000 kumtoa Shanghai. Kwa kiwango cha wakati ule ni karibu shilingi bilioni 1.9 za Tanzania. Ada kubwa kuliko hiyo ilikuwa moja tu, na nayo ilikuwa ya Mzambia: Racheal Kundananji, aliyenunuliwa na Bay FC kutoka Madrid CFF mwezi mmoja nyuma kwa zaidi ya dola 780,000. Kwa kipindi kile, wachezaji wawili ghali kuliko wote katika soka la wanawake duniani walitoka nchi moja, jirani yetu, inayounganishwa na Dar es Salaam kwa reli ya TAZARA.

Banda alifunga mabao 13 ya ligi msimu ule. Kwenye mtoano akaongeza mawili robo fainali dhidi ya Chicago, moja nusu fainali na lile la alfajiri yangu. Mfungaji bora hakuwa yeye, bali Temwa Chawinga wa Kansas City, kutoka Rumphi, kaskazini mwa Malawi: mabao 20, na alizifunga timu zote 13 pinzani.

Nyuma ya Banda mlango uliendelea kufunguka. Katikati ya 2024 kiungo Grace Chanda alijiunga naye Orlando, na mwaka 2025 akaja Prisca Chilufya. Wazambia watatu chumba kimoja cha kubadilishia nguo, jimbo la Florida.

Waliodaiwa uthibitisho

Novemba 2024 BBC ilimtangaza Banda mwanasoka bora wa kike wa mwaka. Ilipaswa kuwa wiki ya furaha. Badala yake, mitandaoni yakafurika maneno ya watu wasiowahi kumwona akicheza, wakidai si mwanamke.

Chanzo cha maneno hayo ni cha nyuma. Julai 2022, kuelekea fainali za Mataifa ya Afrika kwa wanawake (WAFCON) nchini Morocco, Banda na Kundananji waliachwa nje ya kikosi cha Zambia. Shirikisho la soka la Zambia lilisema sababu ni masharti ya shirikisho la soka la Afrika, CAF, ya kuthibitisha jinsia. CAF ikasema haikumfungia mtu, uamuzi wa kumwacha ni wa Zambia wenyewe. Katikati ya mashirikisho mawili yanayorushiana mpira alibaki Banda, msichana wa miaka 22 ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amecheza Olimpiki bila kizuizi, na mwaka mmoja baadaye angecheza Kombe la Dunia bila kizuizi.

Upande mmoja wa mjadala una hoja ambayo siidharau. Unasema michezo ya wanawake ilitengwa kwa sababu, kwamba miili haifanani, na kwamba bila mipaka iliyo wazi ushindani utapoteza maana. Watu hao wanataka vipimo viwe sheria katika kila shindano.

Upande wa pili, wakiwamo watetezi wa haki za binadamu, unajibu kwamba vipimo hivyo vimewaangukia zaidi wanawake wa Afrika na Asia, kwamba sayansi ya homoni na uwezo wa mwili haijatulia kama inavyodaiwa, na kwamba siri za mwili wa mtu zimekuwa zikivuja hadi kwenye vichwa vya habari.

Msimamo wangu nitausema. Shindano lina kanuni zake, aliyezitimiza acheze. Mashabiki, wanasiasa na sisi waandishi hatuna darubini ya kumpima mtu kwa picha ya kidevu chake. Tabitha Chawinga, dada mkubwa wa Temwa na nahodha wa Malawi, amesimulia hadharani jinsi alivyovuliwa nguo uwanjani akiwa binti mdogo kwa sababu wapinzani hawakuamini kuwa msichana anaweza kucheza vile. Kosa lake lilikuwa kufunga mabao. Ninapoona habari ya Banda inaanza na neno "utata" kabla ya kutaja hata bao moja, namkumbuka mtoto yule.

> Hatuna darubini ya kumpima mtu kwa picha ya kidevu chake.

Machi 2025, Pride walipocheza ugenini na Gotham FC, shabiki alimtolea Banda maneno ya matusi kutoka jukwaani. Klabu zote mbili zililaani waziwazi. Julai mwaka huo alivaa jezi ya Zambia kwenye WAFCON, tena Morocco, mashindano yaleyale aliyokosa. Kwenye mechi ya ufunguzi dhidi ya wenyeji alifunga, matokeo yakawa 2-2. Twiga Stars wetu walikuwapo pia katika fainali hizo, na walitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi.

Agosti 2025 jeraha la nyonga likamtoa uwanjani kwa msimu uliobaki. Mwezi huohuo Orlando walimnunua winga Jacqueline Ovalle wa Mexico kutoka Tigres kwa dola milioni 1.5. Zile 740,000 zilizotushangaza sote zilikuwa zimeshapitwa mara mbili.

Pesa ilikokwenda

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu Banda ni hili: Zambia ilipata nini?

Dola 740,000 zililipwa Shanghai, klabu iliyokuwa na mkataba wake. Kanuni za FIFA zina kitu kinachoitwa mchango wa mshikamano. Asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya mwaka aliotimiza miaka 12 na ule aliotimiza 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 unastahili robo ya asilimia moja ya ada. Kuanzia 16 unastahili nusu asilimia.

Tupige hesabu. Kwa ada ya dola 740,000, timu iliyomlea binti kwa mwaka mmoja akiwa na miaka 14 inastahili dola 1,850. Ni zaidi ya shilingi milioni nne na nusu. Kwa Orlando kiasi hicho ni cha kupita. Kwa timu ya wasichana ya mtaani ni mipira, jezi, nauli za msimu na chai ya baada ya mazoezi.

Sharti ni moja. Klabu hiyo iwe imemsajili rasmi, na usajili uonekane kwenye pasi ya mchezaji. Na wasichana wetu wengi wakiwa na miaka 12 hawajasajiliwa popote. Wanacheza na kaka zao, wanacheza shuleni, wanacheza kwenye timu ya mwalimu aliyejitolea.

Kuna pengo jingine kubwa zaidi. Kwa wanaume, kijana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, klabu zilizomlea hudai fidia ya mafunzo. Kanuni zilezile za FIFA zinatamka kwamba fidia hiyo haihusu soka la wanawake. Hoja ya walioiweka ni kwamba klabu za wanawake bado changa, ukizibebesha gharama hiyo zitaacha kusajili na mabinti watakosa kazi. Inaeleweka. Lakini maana yake ni kwamba klabu ya Dar es Salaam, Kigoma au Lusaka inaweza kumlea binti miaka sita, akaondoka mkataba ukiwa umekwisha, na isipate hata senti.

Hili si la Zambia peke yake. Aisha Masaka aliondoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na miaka miwili baadaye akasajiliwa Brighton, Uingereza. Julietha Singano alitoka Simba Queens kwenda Juárez, Mexico. Serengeti Girls wetu walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022 baada ya kuwafunga Ufaransa 2-1. Kila skauti aliyekuwa kule aliandika majina.

Wapo wanaosema ligi zetu zinakaushwa, na kwamba mabinti wafungwe na mikataba mirefu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mchezaji ana miaka kumi au kumi na miwili ya kazi. Akipata mshahara unaomjengea mama yake nyumba, aende. Wapo wanaosema tusijali pesa, fahari inatosha na timu ya taifa itanufaika. Nao sikubaliani nao. Kinachotakiwa kinafanyika kwa kalamu: binti asajiliwe mapema, jina la timu yake ya kwanza liandikwe mahali ambapo litasomeka akiwa na miaka 24 mbele ya mashabiki 11,500.

Daftari la Mbagala

Jioni moja baada ya kuanza kuandika makala hii nilipita kwenye uwanja wa vumbi Mbagala, ambako timu ya wasichana hufanya mazoezi wavulana wakishamaliza. Kocha wao ni mwanamke, muuza mihogo asubuhi, aliyewahi kucheza ligi daraja la chini. Ana daftari la shule lenye jalada lililoshonwa kwa uzi. Ndani kuna jina la kila msichana, jina la mzazi, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa na siku aliyofika mara ya kwanza. Kurasa za mwanzo wino umefifia.

Aliniuliza kama daftari hilo linafaa kitu. Nilimweleza kwamba shirikisho letu la soka, TFF, husajili wachezaji kwa mfumo wa kompyuta unaounganishwa na FIFA, kwamba timu yake italazimika kwanza kutambulika wilayani, na kwamba kila binti atahitaji cheti cha kuzaliwa. Aliandika yote hayo nyuma ya daftari, taratibu, akinisimamisha nilipokwenda mbio.

Wakati tunaongea alifika msichana mpya na mdogo wake mgongoni. Kocha akafungua ukurasa, akauliza jina, akaandika. Akauliza tarehe ya kuzaliwa. Msichana alijua mwaka, mwezi hakuwa na hakika nao, siku hakuijua kabisa.

Akamkabidhi kocha yule mtoto, akavua kandambili azishike mkononi, akatimua mbio kurudi nyumbani kumuuliza mama yake.